Geji ya Upepo wa Matairi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuchagua Iliyo Sahihi

Majibu haya yanahusu geji za mkononi za kupimia upepo wa matairi ya gari, pikipiki, lori, trekta na baiskeli. Namba nyingi zimetolewa kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba) kwa kuwa ndicho kipimo kilichozoeleka kwenye geji nyingi. Anayetumia bar au kPa (kilopaskali) atakuta namna ya kubadilisha huko chini.

Kwa nini geji zangu mbili haziafikiani kwenye tairi lilelile?

Kila geji ina kosa lake, na kosa hilo linakubalika mradi halivuki mpaka uliotajwa na mtengenezaji. Geji yenye kosa la hadi psi 1 inaweza kusoma 31 kwenye tairi lenye psi 32, na nyingine ya aina hiyohiyo ikasoma 33. Zimepishana psi 2 na hakuna iliyovunja ahadi yake.

Hata hivyo, kabla ya kuilaumu geji angalia ulivyopima. Kama ulisikia upepo ukivuja pembeni mwa valvu, namba uliyoipata haifai: mdomo wa geji haukukaa sawa, na geji imesoma chini. Kama katikati ya vipimo viwili jua lilihamia upande wa tairi lile, tairi lenyewe limebadilika. Dawa ni kupima kwa mpangilio huu: geji ya kwanza, ya pili, halafu ya kwanza tena. Ya kwanza ikirudia namba yake, tofauti ni ya geji. Isiporudia, tatizo liko kwenye tairi au mkononi mwako.

Pakiti imeandikwa "±2%". Asilimia mbili ya nini?

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Kwa geji za mshale, asilimia hiyo karibu kila mara ni ya ukomo wa geji, yaani namba ya mwisho kwenye uso wake. Haihesabiwi kutokana na namba unayoisoma.

Chukua geji ya 0–60 psi yenye ±2%. Asilimia 2 ya 60 ni psi 1.2, na kosa hilo hubaki psi 1.2 popote mshale uliposimama. Sasa chukua geji ya 0–160 psi yenye ±2% ileile. Kosa linakuwa psi 3.2. Ukipima tairi la gari dogo lenye psi 32, geji ya pili inaweza kukuonyesha 28.8 au 35.2 na bado ikawa ndani ya kiwango chake. Ni asilimia 10 ya upepo unaoutafuta. Pakiti zote mbili zimeandikwa kitu kilekile, lakini ya kwanza inafaa na ya pili haifai.

Kwa hiyo usilinganishe asilimia peke yake. Zidisha asilimia kwa ukomo, upate kosa kwa psi, halafu linganisha makosa hayo.

Kuna madaraja rasmi ya usahihi?

Yapo. Kiwango cha Ulaya cha EN 837-1 kinapanga geji za mshale kwa namba kama 1, 1.6 na 2.5, na namba hiyo huchapwa kwenye uso wa geji kwa herufi ndogo, kama vile "CL 1.6" au "KL 1.6". Maana yake ni asilimia ya ukomo. Kiwango cha Marekani cha ASME B40.100 kinatumia herufi: daraja B ni asilimia 2 katika nusu ya katikati ya uso na asilimia 3 kwenye robo ya mwanzo na ya mwisho, daraja A ni asilimia 1 katikati na 2 pembeni, 1A ni asilimia 1 pote.

Kwa vifaa vya kupimia upepo wa matairi hasa, Ulaya ina EN 12645, ambayo haitumii asilimia. Inaruhusu kosa la bar 0.08 kwa presha ya hadi bar 4, bar 0.16 kati ya bar 4 na 10, na bar 0.25 kuendelea juu. Bar 0.08 ni takriban psi 1.2. Huo ni mpaka mzuri wa kuukumbuka hata kama geji yako haina alama ya kiwango chochote: kwa tairi la gari dogo, geji inayokosea zaidi ya psi 1.2 iache dukani.

Ninunue geji yenye ukomo gani?

Chagua geji ambayo upepo wako wa kawaida unaangukia katika nusu ya katikati ya uso wake, yaani kati ya robo moja na robo tatu. Hapo ndipo geji nyingi za mshale hufanya kazi vizuri zaidi, na pale juu unajiachia nafasi ya kutosha mshale usigonge mwisho.

- Gari dogo na pikipiki nyingi (psi 28–42): geji ya 0–60.
- Pikapu au gari la mizigo midogo linalobeba psi 50–75: geji ya 0–100.
- Lori na basi (psi 90–120): geji ya 0–160.
- Pikipiki za magurudumu manne zenye matairi manene yanayotembea kwa psi 3–7: geji ya 0–10 au 0–15. Geji ya gari haisomi chochote cha maana huko chini.
- Baiskeli ya barabara ya lami (psi 70–110): geji ya 0–160. Ya milimani (psi 20–30): ya 0–60 au chini ya hapo.

Mtego mmoja ni spea nyembamba ya muda, ile ndogo kuliko matairi mengine. Nyingi huandikwa psi 60 (kPa 420), na hiyo ndiyo namba ya mwisho kwenye geji ya 0–60. Kama gari lako lina spea ya aina hiyo na unataka geji moja tu, chukua ya 0–100 ya daraja la asilimia 1. Kosa lake ni psi 1, dogo kuliko la geji ya 0–60 yenye asilimia 2.

Ipi bora: ya kalamu, ya mshale au ya dijitali?

Geji ya kalamu ni pistoni ndogo, spring na kijiti chenye namba kinachosukumwa nje. Haina betri wala kioo, na inakaa mfukoni. Udhaifu wake ni msuguano. Vumbi likiingia kwenye mrija, au ule mpira mdogo wa pistoni ukikauka, kijiti kinakwama kabla ya kufika na unasoma chini. Kabla ya kila kipimo sukuma kijiti kirudi ndani kabisa, kwani kikibaki nje hata kidogo kitakudanganya. Mistari yake imebanana, mara nyingi mmoja kwa kila psi 1 au 2, hivyo hata ikiwa nzima huwezi kusoma nusu psi. Ni geji nzuri ya kukuambia kwamba tairi limeshuka sana. Kwa kupanga upepo kwa uangalifu, tungetafuta kitu kingine.

Geji ya mshale iliyo nzuri ina mrija wa Bourdon ndani, uliopewa jina la Mfaransa Eugène Bourdon aliyeupatia hataza mwaka 1849. Ni mrija bapa wa shaba uliopinda. Upepo ukiingia, mrija unataka kunyooka, na mwendo huo mdogo wa ncha yake unakuzwa na gia mbili ndogo hadi kwenye mshale. Hauna msuguano mwingi, hautegemei betri, na ukitunzwa unadumu miaka mingi na usahihi wake. Adui yake ni kuanguka. Pigo moja kwenye sakafu ya saruji linatosha kupinda mrija au kurusha gia jino moja, na geji inaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, ila sasa inasoma psi 3 juu.

Si kila geji ya mduara yenye mshale ina mrija huo. Za bei ya chini sana huwa na spring na pistoni ileile ya kalamu iliyowekwa ndani ya umbo la saa. Ukitaka kujua, tafuta maandishi ya mrija wa Bourdon kwenye maelezo na alama ya daraja kwenye uso. Vyote vikikosekana, usidhani upo.

Geji ya dijitali ina kihisi kidogo kinachobadilisha presha kuwa umeme. Haina gia za kuruka, inasomeka usiku, na kuanguka hakuitishi sana. Kati ya geji za kawaida, dijitali ya kati mara nyingi huishinda ya mshale ya kati. Kasoro zake ni betri, unyevu, na jinsi inavyojiweka sifuri, jambo linalohitaji jibu lake lenyewe.

Je, dijitali inayoonyesha 32.4 ni sahihi zaidi kuliko inayoonyesha 32?

Hapana. Idadi ya desimali inaeleza ni hatua ndogo kiasi gani kioo kinaweza kuonyesha. Haielezi kama namba yenyewe ni ya kweli. Geji inaweza kuandika 32.4 wakati tairi lina 30.9. Tafuta maneno ya usahihi kwenye karatasi ya maelezo, kwa mfano "±1% ya ukomo" au "±0.5 psi". Yakikosekana, na kilichopo ni "hatua ya 0.1 psi" tu, mtengenezaji hajakuahidi chochote kuhusu usahihi.

Mbona dijitali yangu wakati mwingine inasoma chini sana bila sababu?

Dijitali nyingi hujiweka sifuri zinapowashwa: presha yoyote iliyopo mdomoni wakati huo inahesabiwa kuwa sifuri. Ukiibandika kwenye valvu kwanza kisha ukabonyeza kitufe, imeshavurugika. Iwashe ikiwa hewani, subiri sifuri itokee, ndipo uiweke kwenye valvu. Isipoonyesha sifuri, izime na uiwashe tena. Hizo sekunde tatu huokoa malalamiko mengi.

Baada ya hapo angalia betri, ambayo mara nyingi ni kidonge cha CR2032 au LR44. Maandishi yakianza kufifia, badilisha mara moja hata kama geji bado inawaka.

Nikiwa dukani na geji mkononi, niangalie nini?

Anza na mdomo, kwa sababu mdomo mbaya huharibu kazi ya geji nzuri. Ndani yake kuna mpira wa kuziba na katikati kijipini kinachobonyeza pini ya valvu. Mpira uwe laini, usiwe na nyufa, na ukae sawa pande zote. Kijipini kisicheze. Mdomo uliopinda takriban nyuzi 45 huingia kirahisi kwenye rimu zenye nafasi ndogo. Ulionyooka hugonga breki au mbavu za rimu.

Kwa geji ya mshale, tazama mshale ulipolala. Zipo zinazowekewa kijiti cha kuuzuia pale kwenye sifuri. Kijiti hicho kinaficha ugonjwa: mshale ulioshuka psi 2 chini ya sifuri utaonekana umelala salama. Geji isiyo na kijiti, ambayo mshale wake umesimama huru juu ya sifuri, inakueleza hali yake bila kuuliza.

Hesabu mistari. Kwa gari dogo kila mstari uwe psi 1 au pungufu. Uso wenye kipenyo cha milimita 50 hadi 65 unasomeka bila kukodoa macho. Usomaji wenyewe ufanywe macho yakiwa mbele ya uso wa geji, maana ukitazama kwa pembeni mshale huonekana umehama hadi psi 1.

Kitufe cha kupunguza upepo ni cha thamani kuliko wengi wanavyodhani. Unajaza kidogo kupita kiasi, kisha unabonyeza taratibu huku ukiangalia mshale ukishuka hadi namba unayoitaka, bila kuchomoa na kurudisha. Geji inayoshikilia namba baada ya kuchomolewa nayo inasaidia mahali ambapo uso hauonekani. Ijaribu: pima, chomoa, hesabu hadi 30. Mshale ukishuka, sili ya ndani inavuja.

Mpira wa kuunganishia wa sentimita 25 hadi 40 hurahisisha kazi kwenye magari. Gamba la mpira kuzunguka geji ya mshale lihesabu kuwa la lazima.

Geji iliyojazwa gliserini ni sahihi zaidi?

Gliserini inatuliza mshale usitetemeke, na kazi yake halisi iko kwenye mashine zinazotikisika kama kompresa. Kwa geji ya mkononi faida ni ndogo, na kuna hasara: ikiachwa kwenye gari lililopigwa jua, kimiminika kinapanuka, presha ndani ya gamba lililozibwa inapanda, na mrija unasukumwa kwa nje. Geji inasoma chini. Zenye kizibo kidogo cha mpira juu hufunguliwa kwa muda ili presha isawazike.

Nawezaje kuijaribu geji mpya bila maabara?

Gurudumu la akiba lililo kivulini ndilo la kufanyia kazi hii, kwa sababu halijatembea na halina joto.

1. Jaza hadi upepo wa kawaida wa gari lako na uliache saa 1.
2. Pima mara 5 kwa geji hiyohiyo, ukichomoa kila mara, na uandike kila namba. Ikisikika "shh" ndefu, futa kipimo hicho.
3. Toa namba ndogo kutoka kwenye kubwa. Geji nzuri haizidi tofauti ya psi 0.5. Ikizidi psi 1, irudishe dukani.
4. Linganisha na geji unayoiamini, kwa mpangilio wa kwanza, ya pili, ya kwanza.
5. Rudia kwenye presha tatu, kwa mfano psi 20, 30 na 40, ukipanda halafu ukishuka. Usivuke presha ya juu iliyochapwa ubavuni mwa tairi.

Hatua ya 5 ndiyo wengi wanaoiruka, nayo ndiyo inayofichua mengi. Geji inayosoma 30 ikipanda na 31.5 ikishuka, kwenye presha ileile, ina msuguano ndani. Igonge kidogo kwa kucha kabla ya kusoma. Mshale ukiruka, umepata jibu.

Kuhusu hiyo geji ya kuaminika: ukitaka ulinganisho wenye maana, iwe na kosa dogo mara nne kuliko la ile unayoijaribu. Kulinganisha na geji ya jirani ambayo nayo haijulikani hali yake hakuthibitishi kitu, hata zikikubaliana. Zinaweza kuwa zinakosea pamoja.

Nimegundua yangu inasoma psi 2 juu. Niitupe?

Inategemea kama kosa limetulia. Geji inayosoma psi 2 juu leo, kesho, kwenye 20 na kwenye 40, bado inafaa kabisa. Bandika karatasi nyuma yake: "toa 2". Geji inayozidisha 2 leo na kupunguza 1 kesho haina karatasi ya kuiokoa. Tukilazimika kuchagua, tunaipendelea geji yenye kosa linalojulikana kuliko ile inayopatia wastani kwa bahati.

Zipo geji za mshale zenye skrubu ya kurekebishia uso au mshale. Irekebishe kwenye presha unayoitumia. Kuirekebisha ikiwa kwenye sifuri hakusaidii sana, kwani unaweza kupata sifuri nzuri na 32 mbaya.

Cheti cha uhakiki wa vipimo kina faida?

Kina faida kama kina namba ndani yake. Cheti cha kweli kinataja namba ya geji yako mwenyewe, tarehe, presha zilizopimwa na kosa lililopatikana kwenye kila moja, kiasi cha shaka cha vipimo hivyo, na kifaa cha rejea kilichotumika. Maabara iliyothibitishwa kwa ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, hutoa cheti cha namna hiyo. Kadi inayosema tu "imepimwa kiwandani" ni tangazo.

Maabara hupima kwa mashine inayoweka vipande vya uzito unaojulikana juu ya pistoni yenye eneo linalojulikana. Uzito ukigawanywa kwa eneo unatoa presha moja kwa moja, bila kutegemea geji nyingine. Gereji yenye geji nyingi haihitaji kupeleka zote huko: peleka moja nzuri kila mwaka, itunze kama rejea, nyingine zilinganishe nayo.

Geji iliyo kwenye kompresa au mashine ya kujazia haitoshi?

Wakati upepo unatiririka, geji hiyo inasoma presha ya mpira wa kujazia, ambayo ni kubwa kuliko ya tairi. Achia kitufe, subiri mshale utulie, ndipo usome. Halafu kumbuka kwamba geji hizo zinaangushwa, zinakanyagwa na kupigwa mvua na watumiaji wengi kwa siku. Tumia mashine kujaza, na geji yako kuamua.

Gari langu lina taa ya kuonya upepo. Bado nahitaji geji?

Ndiyo. Kwa kanuni ya Marekani ya FMVSS 138, taa inatakiwa iwake upepo ukishuka asilimia 25 chini ya ile iliyopendekezwa. Kwa gari la psi 32 hiyo ni psi 24. Tairi linaweza kutembea miezi likiwa na psi 26, likila mafuta na kuisha mabegani (kingo za sehemu inayokanyaga barabara), bila taa kuwaka.

Nipime wakati gani ili namba iwe ya kweli?

Tairi likiwa baridi: gari limesimama saa 3 au zaidi, au limetembea chini ya kilomita 2 kwa mwendo wa polepole. Upepo ndani ya tairi la gari dogo hubadilika takriban psi 1 kwa kila nyuzi joto 6 za Selsiasi. Kwa tairi la lori lenye psi 110, nyuzi 10 tu huleta zaidi ya psi 4. Kwa maneno mengine, geji yenye kosa la nusu psi haina faida kwa mtu anayepima mchana baada ya safari ndefu.

Tairi moto lililosoma juu ya namba ya kibandiko lisipunguzwe. Likipoa litakuwa chini ya kiwango.

Namba ya kufuata ni ya kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya kitabu cha gari. Ile iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni mpaka wa juu wa tairi, si pendekezo la gari lako.

Je, mwinuko kutoka usawa wa bahari unabadilisha usomaji?

Kidogo. Geji hupima tofauti kati ya ndani ya tairi na hewa ya nje. Ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ya nje inapungua kwa takriban kPa 11, na geji itasoma karibu psi 1.6 juu bila upepo kuongezwa. Kwa kawaida huko juu kuna baridi zaidi, na baridi hurudisha chini sehemu ya ongezeko hilo. Pima tena ukishafika na tairi likapoa, na ufuate namba ileile ya kibandiko.

Kila nikipima napoteza upepo kiasi gani?

Kwa gari, karibu sifuri. Mpira wa geji wa sentimita 40 wenye tundu la milimita 6 unabeba mililita 11 hivi, na tairi la gari dogo lina lita 30 hivi. Upungufu ni mia moja ya psi. Kwa baiskeli ya barabara mambo ni mengine: tairi jembamba lina takriban lita 1, na geji hiyohiyo ikiunganishwa kwenye psi 90 inameza karibu psi 1. Kwa baiskeli tumia geji isiyo na mpira mrefu.

Valvu ya baiskeli haiingii kwenye geji yangu. Nifanyeje?

Valvu ya gari, ile nene, ni ya Schrader. Baiskeli nyingi za mbio hutumia Presta, nyembamba yenye nati ndogo juu. Fungua nati hiyo, ibonyeze mara moja kwa kidole ili ibanduke, ndipo upime kwa geji yenye mdomo wa Presta. Kipande cha kubadilisha mdomo hufaa pia, ila kiwe na mpira wake wa kuziba.

Valvu ya Dunlop, aina nyingine ya valvu ya baiskeli, haipimiki kwa geji ya mkononi. Haina pini ya kubonyezwa kutoka nje, kwa hiyo upepo wa ndani haufiki kwenye geji.

Tairi lina dawa ya kuziba pancha au maji. Geji itaharibika?

Dawa ya kuziba huganda ndani ya mdomo na mrija, na geji ikishaziba ni vigumu kuifufua. Zungusha gurudumu valvu ije juu, subiri dakika chache dawa ishuke, ndipo upime. Epuka kuitumia geji yako bora hapo.

Matairi ya trekta yaliyojazwa maji yana geji zake, zinazoweza kusuuzwa. Nazo pia hutumika valvu ikiwa juu, kwa sababu mita 1 ya maji huongeza takriban psi 1.4 kwenye usomaji. Kwa tairi linalotembea na psi 14, hiyo ni asilimia 10. Baada ya kupima suuza kwa maji safi, maana maji ya tairi mara nyingi huwa na chumvi ya kalsiamu kloridi, nayo inakula shaba.

Naitrojeni haihitaji geji maalumu.

Nibadilisheje psi, bar na kPa?

Bar 1 ni kPa 100, na ni psi 14.5. Psi 1 ni kPa 6.9. Kwa hiyo psi 32 ni bar 2.2, au kPa 220. Geji yenye mizani miwili usoni ni rahisi kukosewa kwa haraka. Hakikisha mzani unaoutumia ndio ulio kwa nje na kwa maandishi makubwa.

Geji itunzweje?

Toa presha kabla ya kuihifadhi, hasa ile inayoshikilia namba, ili mrija usikae umenyooshwa. Iweke kwenye boksi lake, mbali na spana na jeki. Usiiache kwenye dashibodi. Mdomo upangusie kitambaa kikavu. Mafuta na grisi hulainisha mpira wa kuziba na kukusanya mchanga. Mpira huo ukichakaa hubadilishwa peke yake kwenye geji nyingi nzuri, kwa hiyo ulizia kipuri chake kabla ya kununua. Ikianguka, rudia jaribio la hatua tano siku hiyohiyo.

Magurudumu pacha ya nyuma ya lori yanapimwaje?

Kwa geji yenye mkono mrefu na midomo miwili iliyoelekezana kinyume, mmoja wa kusukuma kwenda mbele na mwingine wa kuvuta kuja kwako. Valvu ya tairi la nje hutazama nje, ya ndani mara nyingi hutazama kinyume, na mkono mfupi hauifikii bila kupinda mdomo na kuvujisha. Anza na la ndani. Ndilo linaloachwa bila kupimwa, na likishuka la nje hubeba mzigo wa yote mawili bila dalili unayoweza kuiona ukiwa umesimama pembeni. Kupiga tairi kwa rungu kunatofautisha lililokufa na lililo hai tu. Psi 80 na psi 105 hutoa mlio unaokaribiana.